Kalamu ya Mwalimu, Bahari ya Mwanafunzi

Mwaka 1886 kampuni ya Macmillan ya London ilichapisha vitabu viwili vinene, vyenye kurasa zaidi ya 1400 kwa jumla, juu ya safari za manowari Bacchante baina ya mwaka 1879 na 1882. Ukurasa wa anwani unatoa ahadi ya kuvutia: maandishi haya yamekusanywa kutoka katika shajara, barua na madaftari ya vijana wawili waliokuwa wakijifunza kazi ya uanamaji ndani ya chombo hicho. Vijana wenyewe ni wajukuu wa Malkia Victoria: Albert Victor, aliyezaliwa Januari 1864, na ndugu yake George, aliyezaliwa Juni 1865. Huyu wa pili ndiye aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano, ambaye wazee wa mwambao waliijua sura yake kwa kuishika mkononi, katika shilingi ya Afrika ya Mashariki.

Chini ya ahadi hiyo lipo jina la tatu. Kitabu kina nyongeza, unasema ukurasa, za John N. Dalton. Uhakiki wa kitabu hiki hauna budi kuanzia hapo, kwenye neno hilo "nyongeza".

Dalton alikuwa kasisi, na alikuwa mwalimu wa vijana hawa tangu 1871, walipokuwa bado watoto wadogo. Walipopelekwa katika meli ya mafunzo Britannia huko Dartmouth mwaka 1877, alikwenda nao. Walipohamia Bacchante miaka miwili baadaye kama makadeti, alipanda nao pia, akiwa kasisi wa chombo na mwalimu wao. Baraza la Mawaziri liliingiwa na hofu ya kuwapakia warithi wawili wa ufalme katika chombo kimoja, kwani chombo kikizama, ukoo umezama nacho. Nahodha Lord Charles Scott akaamriwa kwanza aitoe manowari akaitafute dhoruba, ionekane kama inastahimili. Ikastahimili. Walioamua mambo hayo waliyapima mawimbi na mbao, na hapana shaka walifanya vyema. Lakini kwa msomaji wa leo hatari iliyowapata vijana wale ilitoka kwenye wino.

Afunguaye kitabu hiki akitaraji harufu ya lami na chumvi atashangaa. Kijana wa miaka kumi na tano anaingia bandarini, na mara anasikika akieleza historia ya bandari hiyo tangu Wazungu walipoifikia, hesabu za bidhaa zitokazo na ziingiazo, na namna makoloni yanavyopaswa kufungamana na Uingereza ili dola isitawanyike. Panapotua kidogo panaingia waadhi wa kanisani, au beti za Kilatini. Hakuna kijana asemaye hivyo, wala aliyelelewa katika kasri. Anayesema ni mtu mzima mwenye maktaba, anayeijua ramani kuliko maji. Harold Nicolson, aliyeandika wasifu rasmi wa mfalme huyo mwaka 1952, aliisoma shajara yenyewe ya George na akaonyesha ilivyo: mistari michache kwa siku, upepo umetoka wapi, hali ya hewa ilikuwaje, ameamka saa ngapi, amelala saa ngapi. Baina ya mistari ile na kurasa hizi kuna umbali ambao hakuna shajara inayoweza kuuvuka kwa nguvu zake. Umevushwa.

Insafu inataka Dalton apewe haki yake. Hakudanganya kwamba hakuongeza. Alifanya kazi ya kuchosha, na aliwapenda vijana wale kwa mapenzi ya kweli. Wasomaji wa mwaka 1886 walitaka kitabu cha safari kiwe pia kitabu cha elimu, na mwalimu yeyote aliyekabidhiwa shajara yenye maneno "upepo wa kusini magharibi, mvua, nimelala mapema" angeona haya kuipeleka kwa mpiga chapa. Lakini haya hizo ndizo zilizoiua shajara. Mwalimu aliona aibu kwa niaba ya mwanafunzi wake, akamvika joho lake mwenyewe.

Kosa lake kubwa liko katika nafsi. Anayetawala kitabu ni "sisi". Tulitia nanga, tulishuka, tulikaribishwa. Vijana wawili ambao kila aliyewajua alisema hawakufanana, mmoja mzito na mwenye kujitenga, mwengine mchangamfu na mwepesi wa hasira, wamesokotwa kuwa mtu mmoja asiye na umri. Katika Kiswahili kiambishi "tu-" kina mizigo yake. Katika nyimbo za mabaharia wa majahazi "sisi" ni mikono mingi kwenye henza moja. Kila mkono una sugu zake, na wimbo hausimami mpaka wote wavute. "Sisi" ya kitabu hiki haivuti kitu. Ni pazia, na nyuma ya pazia yupo mtu wa tatu anayezungumza kwa sauti za watoto wawili.

Mapokeo ya mwambao yana adabu yake katika jambo hili. Mtunzi wa utenzi, anapofika mwisho, aghalabu hulitaja jina lake, pengine na mji wake na tarehe aliyomaliza. Mnukuzi naye, akiwa mtu mwengine, hujitaja mahali pake na kuomba radhi kwa makosa ya mkono wake. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinukuu kazi nyingi za wenzake kwa khati nzuri ajabu, na hata leo atazamaye miswada ile anajua wapi pana mshairi na wapi pana Kijuma. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingetufikia lau Mwalimu Sikujua asingeyakusanya, nayo yalipochapwa mwaka 1940 yalikuwa yamepita katika mikono kadhaa. Hata hivyo anayezungumza mle ni Muyaka. Na kipo kitabu kilicho karibu zaidi na cha Dalton kwa aina yake. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani, alitoa mkusanyiko wa habari za safari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe, na mmojawapo, Selim bin Abakari, anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Velten naye alikuwa na malengo yake, na serikali yake ilikuwa na yake makubwa zaidi. Lakini Selim anapoifikia baridi ya Siberia, ni baridi iliyompata Selim. Mtumishi aliyefuata safari ya bwana wake aliachiwa sauti. Mjukuu wa malkia akanyang'anywa yake.

Suala hili halikufungwa katika karne ile wala katika nchi ile. Kila mwenye kuhudhuria vikao vya washairi amewahi kumwona kijana akisoma shairi lake la kwanza, mizani imelegea mahali pawili, kina kimoja kimepotea, lakini ndani yake limo jambo aliloliona kwa macho yake. Wazee wanalichukua. Wanalisawazisha. Linarudi likiwa na vina vilivyonyooka kama safu ya minazi, na lile jambo alilokuwa ameliona halimo tena. Kijana anashukuru, kwa sababu amelelewa kushukuru, na shairi la pili analitunga moja kwa moja kwa sauti ya mwalimu ili asisumbue watu.

George alikuwa na sauti, na ushahidi upo nje ya kitabu kinachobeba jina lake. Alipokuwa mfalme mzee alimsimulia mtunza maktaba wake wa Windsor, Owen Morshead, habari za siku zake katika Britannia. Alikuwa mdogo sana wa umbo. Wenzake walikuwa wakimsukuma akawachokoze vijana wakubwa, akapigwa mara kwa mara, mpaka siku moja likampata konde la pua, damu ikatoka kwa wingi, na daktari akampiga marufuku kupigana. Konde lile, alisema, lilikuwa bora kuliko yote aliyopata kupigwa. Walimtuma pia ufukweni kuwanunulia tamutamu na kuziingiza melini kinyume cha amri, na kila mara alikamatwa yeye. Kuwa mwana wa mfalme hakukumfaa kitu mahali pale. Masimulizi hayo ni ya dakika chache tu, yaliyotolewa kinywani na mtu ambaye hakujiita mwandishi, na yana uhai ambao msomaji atautafuta katika vitabu vile viwili kwa siku nyingi.

Barua zake kwa mama yake zina uhai huo huo. Mwishoni mwa 1879, chombo kilipokuwa Barbados, ilienea habari kwamba vijana wamechanjwa chale puani. Uingereza ikashtuka, na mama akamwandikia mwanawe kwa mzaha na karaha kuhusu pua yake. Kumbe walikuwa wamenusa mayungiyungi katika bustani, na chavua ya njano ikawabakia usoni. Lakini mwaka 1881 huko Japani chale zikaja kweli. George alichanjwa joka mkononi, la rangi ya buluu na nyekundu. Huo ndio ukurasa mmoja wa safari ile ambao Dalton hakuweza kuutilia nyongeza.

Lipo jambo zito zaidi. Mwanzoni mwa 1881 kikosi kilikuwa visiwa vya Falkland kilipoamriwa kwenda haraka Rasi ya Tumaini Jema, kwa sababu Makaburu wa Transvaal walikuwa wameinuka dhidi ya Waingereza. Tarehe 27 Februari jeshi la Uingereza lilishindwa juu ya mlima Majuba na jenerali wake, George Colley, akauawa. Kijana alimwandikia mama yake kwamba vita hivi ni vya kutisha, akawasikitikia maskini waliouawa, na Colley pamoja nao. Hakuna dola ndani ya maneno yale. Yupo mtoto wa miaka kumi na tano aliyesikia kwamba watu wamekufa.

Na huko huko Rasini vijana walipelekwa kumtazama Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, aliyekuwa mfungwa katika shamba karibu na Cape Town. Ikumbukwe kwamba mtu huyu, mwaka 1879, majeshi yake yalilivunja jeshi la Uingereza kule Isandlwana, na miezi michache baadaye mji wake wa Ulundi ukachomwa moto. Shajara ya George juu ya ziara hiyo inahesabu uzito. Mfalme ana ratli mia mbili na hamsini na ushei. Wake zake wanne wanamkaribia. Ni wanawake wa kupendeza na wote warefu kupita futi sita. Basi. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kukasirika hapa: mfalme aliyepinduliwa anapimwa kama mzigo wa forodhani na mtoto ambaye bibi yake ndiye aliyempindua. Lakini hasira hiyo inatokana na ukweli wa mistari ile. Kijana aliandika alichokiona, na alichofundishwa kukiona kinaonekana wazi pamoja nacho. Maelezo ya kuheshimika juu ya Wazulu na vita vyao yangelificha jambo hilo. Mistari mitatu ya mtoto inalianika. Wafalme wawili walikuwa pale siku ile, mmoja wa jana na mmoja wa kesho, na wa kesho hakujua aandike nini ila uzito.

Mahali pamoja tu ndani ya kitabu chenyewe bahari inamshinda mwalimu. Mei 1881, baina ya Rasi na Australia, dhoruba iliuvunja usukani wa Bacchante, ikapotezana na kikosi na kuingia kwa taabu bandari ya Albany. Kwa ajili ya matengenezo hayo vijana walihamishiwa kwa muda katika manowari Inconstant, na humo ndimo walimokuwa alfajiri ya tarehe 11 Julai, baina ya Melbourne na Sydney. Kitabu kinasema kwamba saa kumi za alfajiri, usiku ukiwa mweupe na bahari shwari, chombo cha yule Mholanzi wa hadithi kilipita mbele ya omo. Kilikuwa mwanga mwekundu, na ndani ya mwanga ule ilionekana milingoti, foromali na matanga ya merikebu, umbali wa yadi 200. Mlinzi wa omo aliiona. Ofisa wa zamu aliiona. Kadeti wa zamu akatumwa mbio kwenda omo, na alipofika hapakuwa na kitu, ila bahari mpaka upeo wa macho. Watu kumi na watatu waliiona. Manowari mbili za kikosi, Tourmaline na Cleopatra, ziliuliza kwa taa kama na wao wameuona mwanga ule.

Mfasiri wa kifungu hiki atakwama kwenye jina. Wazungu humwita Mholanzi yule kwa neno la kuruka, na "Mholanzi Arukaye" kwa sikio la Kiswahili ni ndege au rubani. Hadithi inamhusu nahodha aliyeapa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema hata kama itamchukua milele, akachukuliwa kwa neno lake. Pwani hii haina haja ya kuazima. Ina usemi wake, "chombo cha majini", ambao unabeba maana zote mbili katika pumzi moja, ya maji na ya mashetani, na baharia yeyote wa Pemba atauelewa kabla sentensi haijaisha.

Linalopita uzuri wa mwanga ule ni linalofuata. Saa tano kasorobo asubuhi ile ile, baharia kijana aliyekuwa wa kwanza kutoa habari ya chombo kile alianguka kutoka juu ya mlingoti wa omo, akapondeka kwenye sitaha. Saa kumi na robo alasiri chombo kilisimamishwa kwa kugeuza foromali, akazikwa baharini. Kitabu kinasema alikuwa hodari wa kazi za juu ya mlingoti, miongoni mwa vijana waliotarajiwa sana, na kwamba kila mtu chomboni ana huzuni. Kisha kinaongeza kwamba katika bandari iliyofuata amiri wa kikosi naye aliugua.

Hapana Kilatini mahali hapa. Hapana hesabu za pamba wala hatima ya makoloni. Sentensi ni fupi, saa zimetajwa moja moja kama katika kitabu cha zamu, na kwa mara ya kwanza msomaji anahisi kuwa kuna mtu aliyesimama pale. Ni ndugu yupi, kitabu hakisemi. Wala hakisemi kama katika wale kumi na watatu mmojawapo alikuwa yeye anayesimulia. Hata ikiwa ni Dalton aliyeishika kalamu, hapa aliandika kama mtu aliyeamshwa usingizini, na hilo linatosha.

Ila jina la baharia halimo. Amiri ana cheo chake, manowari zimetajwa kila moja, hata Mholanzi asiyekuwepo ana lakabu. Aliyeona kabla ya wote, na akafa siku ile ile, anaitwa kwa kazi yake tu. Mnukuzi wa Lamu asingeliacha pengo kama hilo. Angeandika walau "fulani bin fulani, Mungu amrehemu". Katika kurasa 1400 zilizojaa majina ya magavana na maaskofu, nafasi ilikuwepo.

Mfasiri wa Kiswahili atakayejaliwa kukishika kitabu hiki hana haja ya kukivusha chote. Kurasa arobaini zinatosha: alfajiri ile ya Julai, usukani uliovunjika, siku za Rasini zikiwekwa kando ya mistari ya shajara yenyewe na ya barua kwa mama, joka la Japani. Afanye kinyume cha Dalton, apunguze mpaka sauti ianze kusikika, na pasipokuwa na sauti aache pabaki patupu.

Albert Victor alifariki Januari 1892, akiwa na umri wa miaka 28. George aliendelea na shajara aliyoianza tarehe 3 Mei 1880, kwa maandishi yale yale ya kadeti, kupitia vita vikuu na kuanguka kwa wafalme wa ukoo wake mmoja baada ya mwengine. Aliandika kwa mara ya mwisho tarehe 17 Januari 1936, siku tatu kabla ya kufa, mkono ukimtetemeka. Alitaja kwanza theluji kidogo na upepo, kisha kuwasili kwa daktari, kisha kwamba hajisikii vizuri.